Katekista Aliyezipaka Risasi Mafuta

Ninyi wajukuu, wangu na wa wenzangu, mnaosoma haya hapa Texas mkiwa mmelala chali na simu usoni, kaeni vizuri kwanza. Nataka kuwaeleza habari za mtu. Sitawaambia alizaliwa wapi wala baba yake alikuwa nani, maana hakupenda kuulizwa na mimi sikumuuliza. Jina lake pia naliacha. Sote tulimwita Katekista, kwa kuwa ndiyo kazi aliyoifanya kanisani kwa Warundi, na aliyemfahamu atamtambua. Shule mimi niliishia darasa la tatu, kwa hiyo msitafute hapa maneno ya chuo. Nasema nilichokiona.

Alikuwa mtu wa vipimo. Akiingia nyumbani kwako, kabla hajakaa alikuwa ameshaona kwamba mlango haufungi sawasawa, mfuniko wa sufuria unapitisha mvuke, kiatu cha mtoto kinampwaya. Hakusema kwa ubaya. Alisema tu, "Hapa pamezidi unywele mmoja," kisha akaomba bisibisi. Tulipofika Haltom City mwaka 2017, apatimenti tuliyopewa ilikuwa na mlango wa choo usiofunga, na kila aliyeingia ilimbidi aimbe ili mwenzake asimfumanie. Katekista ndiye mgeni wa kwanza aliyetukuta tukiimba. Alikuja na mchele na mablanketi kutoka kanisani kwake, ingawa sisi si Wakatoliki. Akasikiliza sauti ya mwanangu Riziki ikitoka chooni, akauliza kwa heshima kama amekatiza ibada. Nilipomweleza alicheka mpaka akashika ukuta, halafu akautengeneza mlango.

Kuhusu dini tulichokozana mpaka mwisho. Aliniambia sisi walokole tunapiga kelele kama watu ambao Mungu wao ni kiziwi. Nikamjibu kwamba wao wanamsomea kitabuni kama watu ambao Mungu wao ni bubu. Hilo lilimfurahisha sana, akalipeleka kwa padri wake, na padri akanitumia salamu. Tangu hapo akija kwangu alibisha hodi, akakohoa mara moja, akasema, "Kiziwi yupo?" Nami nikamjibu kutoka jikoni, "Bubu apite."

Siku nilipoijua kazi yake nyingine nilitaka kuukata urafiki wetu. Nilikwenda kumrudishia beseni lake, nikamkuta garajini, mlango umefunguliwa wote, feni inapuliza kuelekea nje. Juu ya meza palikuwa na trei ya kuokea keki, na ndani yake vitu vimesimama wima, mstari kwa mstari, vimezungukwa na mafuta ya manjano yaliyoganda. Nilidhani ni mishumaa midogo ya kanisani. Nikachomoa kimoja. Kilikuwa kizito kuliko umbo lake, na mwili ukanijulisha kabla ya akili. Zilikuwa risasi, kwetu huwa tunaziita masasi. Nilikimbia masasi kutoka Fizi, Kongo, nikavuka ziwa, nikakaa Tanzania kambini Nyarugusu mpaka watoto wakaota ndevu, na sasa nimefika Marekani nayakuta yanapikwa kwenye trei kama maandazi.

Niliweka beseni chini nikamwambia sirudi hapa tena. Hakunifuata. Alisema nikiwa nimeshampa mgongo:

"Mama Riziki, zile zilizotukimbiza zilitengenezwa na mtu asiyetujua. Hizi nazijua moja moja, na kila moja najua inakwenda wapi."

Nikageuka nikamuuliza zinakwenda wapi.

"Kwa nguruwe anayekula viazi vyako."

Hapo ikabidi nikae. Maana nguruwe huyo nilikuwa namjua. Nje kidogo ya Cedar Hill palikuwa na mzee mmoja Mmarekani mwenye shamba kubwa, aliyewaachia wanawake wa kwetu kipande cha kulima. Tulipanda lengalenga, maharage, mahindi na viazi vitamu. Jumamosi tulijazana kwenye magari, tukaenda kushika jembe, na siku hiyo hakuna aliyekumbuka kwamba wiki nzima alikuwa anafunga maboksi kwenye wea-hausi au anatandika vitanda vya hoteli. Lakini nguruwe mwitu walikuja kwa makundi. Nguruwe wa Texas hali kiazi akaondoka. Analima shamba lote upya kwa pua, na asichokula anakilalia. Mwenye shamba magoti yalikuwa yameshamshinda, hawezi kuvizia tena. Akampa Katekista ruhusa, na bunduki ya baba yake.

Bunduki hiyo ilikuwa ya zamani, na risasi zake huendi dukani ukarudi nazo. Ni za kuagiza na kungoja. Ndiyo maana mzee yule alimfundisha Katekista kuzitengeneza mwenyewe. Na Katekista alikuwa fundi kwenye karakana ya matairi, mahali ambapo vile vizito vya zamani vya madini ya risasi, vinavyobanwa kwenye rimu ili gurudumu lisitetemeke, hutolewa na kutupwa. Bosi wake alimruhusu avichukue.

Basi nikakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa nikamtazama. Nilimtazama siku nyingi baada ya hapo, mkono wangu mmoja ukichambua maharage. Kuyeyusha alifanyia nje, nyuma ya garaji, amevaa glavu za kufika kwenye viwiko na kioo cha uso. Alipakua taka za juu kwa kijiko kirefu kama mtu anayeondoa povu la nyama, akamimina madini kwenye kalibu, akagonga, na risasi ikaanguka juu ya taulo, inang'aa kama samaki.

Mimi nilidhani imekwisha. Kumbe hiyo bado ni mbichi. Ikitoka kwenye kalibu ina unene kidogo kuliko inavyotakiwa, na hailingani na ya jirani yake. Katekista alikuwa ameshaupima mtutu wa ile bunduki. Alichukua donge laini la madini, akalipitisha ndani ya mtutu kwa fimbo ya mbao, taratibu, mpaka likatokea upande wa pili likiwa na alama zote za ndani. Akalipima kwa maikromita. Kisha akatafuta pete ya chuma yenye tundu lililozidi kipimo hicho kwa unywele tu. Pete akaifunga kwenye mashine ya mkono, na kila risasi akaisukuma ipite humo kwa kuvuta mpini. Nyingine zilipita kwa ulaini, nyingine zilipiga kelele kidogo. Iliyopita bila kugusa popote aliirudisha sufuriani ikayeyushwe upya.

Nilimuuliza kwa nini anajisumbua, nguruwe hajui kupima. Akanieleza kwa lugha ya jikoni, maana alikuwa mwalimu. Risasi ikiwa nyembamba, moto wa baruti unapita kando yake, unaibabua, na madini yanashika mtutuni kama bugali ulioungulia chini ya sufuria. Baada ya hapo hata ufanyeje, bunduki haipigi inapoelekezwa. Utamjeruhi mnyama aende akafe siku tatu vichakani. Hilo ndilo aliloliogopa.

Kisha mafuta. Alichanganya nta ya nyuki na shahamu ya ng'ombe. Nta aliipata kwa Mkenya mmoja wa DeSoto anayefuga mizinga. Wakati wa joto aliongeza nta, kwa sababu garaji ya Texas mwezi wa nane inaweza kuivisha mkate. Wakati wa baridi aliongeza shahamu. Alizipanga risasi zikiwa zimesimama kwenye trei, akamimina mchanganyiko wa moto mpaka ukafunika vile vijifereji vya kiunoni, akaacha ugande. Halafu kwa kibomba chenye ncha kali akaichomoa kila moja kama unavyokata andazi, nayo ikatoka imevaa mafuta mahali pake tu. Mabaki ya mafuta hakuyatupa. Aliyayeyusha tena na tena, yakawa na rangi ya chai ya maziwa. Kazi hii ya pete na mafuta aliifanya mikono mitupu. Alisema glavu ni za moto, na madini yakishapoa hayamdhuru mtu. Kidole chake ndicho kilichomwambia kama nta imekaza. Akikwaruza kwa ukucha, akinusa, anajua.

Misemo yake yote ilitoka kwenye meza ile. "Haraka ni ya mwenye risasi nyingi," aliwaambia wanangu walipokimbizana na ovataimu. Ule uliomletea matatizo ni huu: "Kubwa haipiti, ndogo inavujisha." Aliutumia kwenye mafundisho ya ndoa, kuwaeleza wachumba kwamba mtu atafute wa kulingana naye. Mama wa bibi harusi mmoja alitoka darasani akaenda kumshtaki kwa padri. Mimi nilimwambia amepata alichokitafuta. Yeye hakuelewa kabisa kosa liko wapi, akaniomba nimweleze. Nilikataa. Kuna mambo ambayo mwanamke wa umri wangu hamwelezi katekista.

Msidhani alipenda bunduki. Watoto wakichezea fimbo kwa kuelekezeana, aliwanyang'anya fimbo, na alikuwa na uso mkali siku hiyo. Sikukuu ya mwezi wa saba, Wamarekani wanapolipua fataki angani, alijifungia bafuni na redio, akaisogeza sikioni mpaka zikaisha. Mwanamume mzima, mwenye mkono usiotikisika. Nguruwe alimpiga risasi moja. Asipokuwa na uhakika alirudi nyumbani bila kitu, na sisi tukamcheka. Akishamwangusha alivua kofia, akafanya ishara ya msalaba, akasubiri kidogo. Nyama yote aliigawa. Kwa Wasabato na Waislamu, ambao hawali nguruwe, alipeleka maharage ili wasijione wamesahaulika. Mwenyewe hakuionja. Nilimuuliza ni dini gani hiyo mpya. Akasema si dini, ila hawezi kumla aliyemtazama machoni. Akachota sombe yangu, majani ya muhogo, akaendelea kula.

Ubahili wa vitu vidogo ndio uliokuwa ugonjwa wake. Hakutupa kamba, hakutupa mfuko, na kopo la kahawa kwake lilikuwa na maisha marefu kuliko ya mbwa. Mafuta ya nguruwe aliyoyachuja aliyatia kwenye makopo hayo mekundu, akatugawia ya kupikia. Na ile nta yake ya risasi ilikaa kwenye makopo yaleyale, kwenye rafu ileile. Nilimwambia andika kitu juu yake, hata msalaba. Akaniambia anayajua makopo yake kama mama anavyowajua mapacha. Mtu aliyepima unene wa unywele alishindwa kuweka alama kwenye kopo.

Mjukuu wangu Neema, binti wa Riziki, alizaliwa mwaka 2018. Mama yake ni Mrundi, na mnajua kwao mtoto akishaogeshwa anapakwa siagi ya ng'ombe mpaka anateleza. Baridi ilipoingia, hita ya apatimenti ikawa inamkausha mtoto ngozi mpaka inapasuka. Siku moja Katekista alipita kwetu, akamwachia mkamwana wangu kopo mlangoni, akasema ni zawadi ya Kiziwi, akaondoka. Mkamwana akalifungua ili akaange vitunguu. Harufu ikamjia ya asali na ya ng'ombe. Hakuyapeleka jikoni. Alisema Katekista ni Mrundi mwenzake, ameona mtoto anavyobabuka, ametengeneza mafuta ya nyumbani kama ya bibi yake. Hata mimi nilinusa nikaona yanafaa. Akampaka mtoto baridi yote, asubuhi na jioni, na mtoto anakua, anaota meno, anatia ngumi zake mdomoni.

Neema alipotimiza mwaka, kliniki walimtoboa kidole kama wanavyowafanyia watoto wote. Kisha wakapiga simu arudi, wakachukua damu ya mkononi. Kisha nesi akasema anakuja nyumbani. Mkalimani kwenye simu alituambia damu ya mtoto ina madini ya risasi, na kwamba kwa mtoto mdogo madini hayo yanaharibu ubongo. Mkamwana wangu alimwomba mkalimani arudie.

Nesi alikagua rangi za madirishani, masufuria, viungo vya chakula, midoli. Aliuliza tunafanya kazi gani. Hakuona kitu, akasema atarudi wiki ijayo. Na sisi hatukuwaza, kwa sababu nani atawaza kwamba risasi ya nguruwe wa Cedar Hill iko kwenye ngozi ya mtoto wa Haltom City?

Katekista alisikia kanisani kwamba mtoto anaumwa. Alikuja mchana, akakohoa, hakusema habari za kiziwi. Nilikuwa nikimwambia yale ya nesi alipoliona kopo dirishani, karibu na nepi. Alilichukua, akalifungua, akapitisha ukucha. Hakuhitaji kunusa. Aliuliza mtoto amepakwa tangu lini, mkamwana akamjibu, naye akaketi sakafuni, mzee yule, akaliweka kopo kati ya miguu yake kama mtu aliyeletewa maiti.

Alituambia yote, kwamba hayo ni mafuta ya kupaka risasi, si ya kupikia. Riziki alikuwa amerudi kutoka kazini, bado ana fulana ya kung'aa. Hakupiga kelele. Alilichukua kopo akasema analipeleka kwenye jalala la mbali, na hakuna mtu atakayesema neno kwa nesi.

"Mama, waki-report kwamba nyumba hii ina mtoto mwenye sumu ya risasi za bunduki, hawatauliza mara mbili. Watamchukua. Sisi ni wakimbizi. Wewe unadhani watatuelewa?"

Hofu hiyo msiicheke. Tulikuwa tumesikia habari za watoto kuchukuliwa, za kweli na za uongo, na hatukuweza kuzitenganisha. Mkamwana alimkumbatia mtoto kana kwamba wameshafika mlangoni. Mimi nililiondoa kopo mkononi mwa Riziki, nikalifunga ndani ya mifuko, nikaliweka juu ya kabati, nikasema halitoki mpaka nimeomba.

Katekista ndiye aliyejibu, bado yuko sakafuni.

"Riziki mwanangu, nimegawa makopo mengi. Sijui kama nilikosea moja tu. Na nesi asipojua, atatafuta ukutani mpaka mtoto aharibike. Nitasema mimi. Ni langu."

Riziki akamwambia hana haki ya kuamua juu ya mtoto asiye wake. Akamwambia na mengine, ambayo mwanangu hajawahi kumwambia mtu mzima, na siyaandiki. Yule mzee aliyapokea yote, akainuka, akaenda. Siku zilizofuata alizunguka nyumba zote alizowahi kupeleka mafuta, akifungua kopo moja baada ya jingine mbele ya wenye nyumba, akiwaeleza sababu. Hakutafuta neno la kujifunika. Wengine walimfungia mlango. Kosa lilikuwa kwetu tu, lakini hakutulia mpaka alipoliona kopo la mwisho.

Nesi aliporudi, Katekista alikuwa ameshafika. Alivaa koti lake la kanisani. Alibeba sanduku, akalipanga juu ya meza yangu ya kulia, nikatandika magazeti kwanza: pete ya chuma, mashine ya mkono, trei, kibomba, madonge ya nta. Akasema kwa Kiingereza chake kwamba ni yeye, kwamba wazazi hawakujua, kwamba bunduki haiko hapa na haijawahi kuingia nyumba hii. Mfukoni mwa koti niliona mpini wa mswaki umechomoza, pamoja na rozari. Alikuwa amejiandaa kulala gerezani.

Nesi alikuwa mwanamke mweusi wa huku, mnene, mwenye sauti ya upole. Alivaa glavu, akachukua kopo, akachukua kipande kidogo cha mafuta kwenye kichupa. Riziki alisimama mlangoni amekunja mikono. Nesi akasema jambo refu, na mkalimani wa simu akatutafsiria kwamba anashukuru, maana sasa amejua lilikotoka. Hakuna anayemchukua mtoto. Osheni nguo, futeni sakafu kwa maji, mpeni mtoto maziwa na maharage na nyama, tutampima tena. Mkamwana akaanza kulia, akalia kwa muda mrefu. Kisha nesi akamgeukia Katekista, akamtazama mikono, akamuuliza yeye amepimwa lini.

Hakuwa amepimwa kamwe. Alipokwenda, damu yake ilikuwa mbaya kuliko ya mtoto, mara nyingi. Hapo tukaelewa mambo tuliyokuwa tunayaita uzee: tumbo lililomkata, kikombe kilichogongana na kisosi, majina ya watakatifu yaliyoanza kumkimbia katikati ya sala. Madini yalimwingia kwa chakula, kwa mkate alioushika juu ya meza ile. Alikuwa akijipaka na kujilisha, miaka, akidhani madini baridi ni madini mapole.

Aliacha. Bunduki aliirudisha kwa mwenyewe, na sanduku akalipeleka mahali nesi alipomwelekeza. Msimu ule nguruwe walitulimia viazi vyote, na wanawake wengine walisema Katekista angeweza kuendelea, ila tu awe anavaa glavu. Niliwaambia wakamwambie wao wenyewe. Hakuna aliyekwenda. Baadaye mwenye shamba aliweka uzio wa umeme, na tukalima kidogo, ndani yake.

Neema alipimwa tena na tena, na kila mara namba ilishuka. Alitembea kwa wakati, akasema kwa wakati, na sasa anaongea kuliko inavyotakiwa. Lakini Riziki hakumsamehe. Katekista akija, Riziki alipitia mlango wa nyuma kwenda kazini mapema. Mwishowe Katekista akaacha kuja, ikawa simu tu, na ile simu nayo ilikuwa fupi: mtoto yukoje, namba yake ni ngapi, asante, Mungu awalinde. Binti yake aliyeko Houston akaja na gari akamchukua akakae naye.

Desemba ya 2019 tulikuwa na harusi Houston, ya binti wa ndugu yangu. Nilimwambia Riziki kwamba tutapita kwa Katekista kabla ya kurudi. Akasema atatushusha na kungoja garini. Nikamwambia hakuna mtu niliyemnyonyesha atakayengoja garini mlangoni kwa mzee. Aliingia, akasalimia kwa mdomo, akasimama karibu na mlango.

Katekista alikuwa amepungua, lakini kikombe hakikugongana tena na kisosi. Nilifurahi kuliko nilivyoonyesha. Aliuliza habari za kila mtu kwa jina, na majina yalikuwepo yote. Tukiwa katika mazungumzo, Neema akateremka kutoka kwa mama yake, akavuka zulia, akamshika mzee suruali kwenye goti ili asimame vizuri.

Katekista aliinua mikono yote miwili juu, kama mtu aliyeelekezewa bunduki.

Akajitoa taratibu, akaenda kwenye sinki ya jikoni, akafungua mfereji, akanawa kwa sabuni mpaka viwikoni. Akarudi akaketi. Mtoto akamfuata tena, akamshika goti. Mikono juu. Akaenda kunawa. Binti yake akatuambia kwa sauti ya chini kwamba ndivyo anavyofanya hata kwa wajukuu zake mwenyewe, hajamshika hata mmoja tangu alipofika, na wameshachoka kumwambia. Riziki akaja akamnyanyua Neema.

Katekista alisimama pale, maji yanamdondoka. "Ndiyo, mwanangu, mchukue," akamwambia. "Mimi bado."

Nikamuuliza bado nini, na daktari amesema nini. Akasema daktari amesema ameshuka vizuri sana. Nikamwambia basi.

"Daktari alipima damu, Mama Riziki. Mikono hakuipima."

Hakusema kwa kutaka kuhurumiwa. Alisema kama anavyosema kwamba mlango umezidi unywele. Mfereji alikuwa ameuacha wazi, maji yanaendelea kutoka, na hakuna aliyekwenda kuufunga. Nilimtazama Riziki. Alikuwa amemshika mtoto kwa nguvu, lakini macho yake yalikuwa kwenye mikono ya yule mzee, iliyokuwa myekundu kwa kusuguliwa, imepasuka kwenye maungio.

Nikawaambia watu wangu, na sikupandisha sauti:

"Mkamwana, funga huo mfereji. Katekista, kaa. Riziki, mweke mtoto mapajani pake, halafu uketi hapo kando yake mpaka mtoto mwenyewe atakapotaka kushuka."